Dizeli Chafu: Mwizi Ala, Dereva Alipa

Kuna wizi unaovunja mlango, na kuna wizi unaopita ndani ya mpira wa pampu. Mwizi wa kwanza twamjua: akikamatwa hupigiwa kelele, na mwenye mali huhurumiwa. Mwizi wa pili hatumwoni. Yeye hutia maji au mafuta ya taa katika dizeli, hupokea fedha yake, hutoa na shukrani, kisha huenda zake kulala. Kesho yake gari linapokufa njiani, mbali na kituo chake, anayeulizwa si yeye, bali ni yule aliyeshika usukani.

Leo twapenda kusema na wasomaji wetu juu ya jambo hili la dizeli iliyochafuliwa. Twasema hasa na ndugu zetu madereva, utingo na mafundi, pamoja na wale wenye madaraka juu yao katika maofisi, vyama vya ushirika na makampuni. Huenda wako watakaonena ya kuwa ukurasa huu ni wa mambo makubwa ya siasa, na ya kuwa habari za chujio na pampu zingeachiwa mafundi. Hatukubaliani nao. Jambo linalomkata mfanyakazi mshahara wake kwa kosa asilolitenda ni jambo la siasa, hata kama limeanzia ndani ya tangi la gari.

USIKU MMOJA KITONGA

Mwaka 2009 sisi tulikuwa vijana, makarani katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Ofisi ile ilikuwa na lori la dizeli, na dereva wake alikuwa mtu mzima ambaye sote tulimwita Mzee. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye desturi ya kulizunguka gari lake mara mbili kabla ya kupanda, akiligonga gurudumu kwa fimbo na kuinama kutazama chini ya injini. Vijana tulimcheka kwa desturi ile.

Siku moja alitumwa kupeleka madaftari ya shule Iringa. Aliondoka Dar es Salaam mchana, akapita Chalinze na Morogoro, na usiku ulipoingia akajaza mafuta katika kituo kimoja cha njiani kwa fedha alizopewa na ofisi. Alipewa risiti ya kuandikwa kwa mkono. Akapita Mikumi, akapita Ruaha Mbuyuni, na gari likaenda, ingawa baadaye alituambia ya kuwa alianza kusikia mlio asioupenda. Alipokwisha kuanza kuupanda mlima Kitonga, lori likaishiwa na nguvu. Likatoa moshi mweupe, likagonga kama mtu apigaye bati kwa nyundo, likazimika.

Wanaoijua Kitonga hawahitaji kuelezwa. Upande mmoja ni ukuta wa mawe, upande wa pili ni bonde, na katikati ni barabara nyembamba yenye malori mazito yanayopanda na kuteremka usiku kucha. Utingo aliruka chini akatia mawe nyuma ya magurudumu. Mzee alikata matawi akayatandaza barabarani kuwaonya wanaokuja. Watu wale wawili walikesha pale mpaka alfajiri, mmoja juu ya gari na mmoja chini yake, wakiwasimamisha wenzao kwa taa ya tochi. Hakuna aliyekufa, na hakuna daftari hata moja lililopotea.

Lori lilivutwa mpaka Iringa, na gharama ya kulitengeneza ikaja kwetu. Kamati ikakutana. Kikao kile hakikupita nusu saa. Mjumbe mmoja alisema ya kuwa gari lilitoka zima na limeharibika, na katikati ya kutoka na kuharibika hapakuwa na mtu mwingine ila dereva. Maneno hayo yalionekana kuwa na akili nyingi, na wote wakaafikiana. Ikaamriwa ya kuwa gharama ikatwe katika mshahara wa Mzee, kidogo kidogo, mpaka iishe.

Barua ile tuliiandika sisi. Twakumbuka tuliichagulia maneno, kama tulivyofundishwa shuleni, na neno "uzembe" tukalipigia mstari. Mzee aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati. Kisha akatuuliza swali moja tu: "Vijana wangu, kabla ya kuandika haya, nani alifungua chujio?"

Hapakuwa na aliyejibu, maana hapakuwa na aliyefungua.

Chujio lilifunguliwa baada ya miezi miwili, na fundi wa pampu aliyeletewa pampu pamoja na chujio lake. Aliita ofisi ije itazame. Katika bakuli la chini ya chujio mlikuwa na maji yenye rangi ya kutu. Vyuma vya ndani ya pampu, ambavyo hutakiwa kung'aa kama kioo, vilikuwa na mikwaruzo, na nozeli mbili zilikuwa zimepasuka ncha. Fundi alifuta mikono yake akasema, "Hii si kazi ya dereva. Hii ni kazi ya mafuta."

Lakini Mzee alikuwa amekwisha kukatwa mishahara miwili, akaona aibu ile imemzidi, akaacha kazi akarudi kwao. Tulipouliza kama haifai iandikwe barua ya pili ya kuifuta ile ya kwanza, tuliambiwa ya kuwa faili limekwisha fungwa. Hatukusisitiza. Fedha yake haikurudishwa. Twalisema jambo hili waziwazi kwa kuwa mkono ulioandika barua ile ndio unaoandika makala haya, na swali la Mzee halijapata kutuacha.

KWA NINI MAFUTA MACHAFU HUUA

Ili tusirudie kosa la kamati ile, yafaa kila mmoja wetu aelewe kidogo namna injini ya dizeli ifanyavyo kazi. Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ya kwanza iliyofaulu ilionyeshwa mjini Augsburg mwaka 1897, alitumia njia nyingine: hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ikapata moto wa kupita nyuzi 500 za sentigredi, ndipo mafuta hupulizwa ndani yake kama ukungu, yakawaka yenyewe.

Kazi ya kuyapuliza ni ya pampu na nozeli, na hapo ndipo penye siri yote. Vyuma vya ndani ya pampu hupishana kwa nafasi ndogo mno, sehemu chache tu za elfu za milimita moja. Unywele wa binadamu una unene wa kama sehemu 70 za elfu za milimita; basi nafasi ile haiwezi kupitisha unywele hata ukipasuliwa mara kumi. Tena vyuma hivyo havipakwi grisi na mtu yeyote. Kinachovilainisha ni dizeli yenyewe inayopita. Kwa hiyo dizeli ni chakula cha injini, na papo hapo ni mafuta ya kuipaka viungo.

Sasa fikiri maji yanapoingia humo. Maji hayalainishi, huleta kutu, na kutu huwa mchanga wa kusaga chuma. Yakifika kwenye ncha ya nozeli yenye moto mkali hugeuka mvuke ghafula, na ncha huweza kupasuka. Maji yakikaa siku nyingi chini ya tangi, huota viumbe vidogo, bakteria na ukungu, ambavyo huishi pale maji na mafuta yanapokutana, vikafanya utelezi mweusi unaoziba chujio.

Mafuta ya taa ni adui mpole zaidi, na kwa hiyo ni wa hatari zaidi. Hayazami chini kama maji. Huchanganyika na dizeli yakawa kitu kimoja, wala jicho haliwezi kuyatenga. Gari huenda. Huenda leo, huenda kesho, huenda na mwezi ujao. Lakini mafuta ya taa ni mepesi, hayana ule utelezi wa dizeli, na pampu huliwa taratibu kama jembe linalolimia kokoto. Ni kweli ya kuwa katika nchi za baridi kali dizeli hutiwa mafuta ya taa ili isigande. Lakini hilo hufanywa kwa kipimo, pamoja na dawa ya kurudisha ulaini. Mtu wa dumu na mpira hana kipimo wala dawa.

Injini za siku hizi zimekuwa dhaifu zaidi mbele ya uchafu huu. Zile ambazo mafundi huziita komoni reli husukuma mafuta kwa mgandamizo unaoweza kupita mara 1,600 ya ule wa hewa tunayovuta, na katika nyingine hufika mara 2,000 na zaidi. Tena mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki zilihamia kwenye dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Hilo ni jambo jema kwa mapafu ya watoto wetu, lakini usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia ulaini wa asili wa dizeli, na ulaini huo hurudishwa kwa dawa maalumu. Anayezimua dizeli hii huzimua na dawa yake. Lori la zamani liliweza kunywa uchafu likakohoa likaendelea. La leo hunywa mara moja likalala.

NANI ALIYELIPA?

Lugha yetu ilipata neno jipya karibu na mwaka 2010: kuchakachua. Lilitoka kwenye vituo vya mafuta, likaingia kwenye kura, kwenye unga, kwenye mitihani, mpaka watoto wakalitumia michezoni. Neno halienei hivyo isipokuwa jambo lenyewe limeenea.

Sababu yake haikuwa siri. Mafuta ya taa yalikuwa yametozwa ushuru mdogo kwa nia njema, ili mwananchi wa kijijini apate kuwasha taa na kupika. Ushuru wa bidhaa juu yake ulikuwa shilingi 52 kwa lita, na juu ya dizeli ulikuwa shilingi 314. Nafasi iliyokuwa katikati ya tarakimu hizo mbili ndiyo iliyokuwa shamba la mwizi. Alinunua huruma ya serikali kwa bei ya chini, akaiuza kama dizeli kwa bei ya juu.

Serikali ilichukua hatua mbili. Mwezi wa Septemba 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, ilianza mpango wa kutia vinasaba katika mafuta yaliyolipiwa ushuru kwa ajili ya soko la ndani. Vinasaba ni kitu kidogo kisichoonekana ambacho hupimwa kwa mashine. Kikionekana kimepungua katika tangi la kituo, ni alama ya kuwa mafuta yamezimuliwa, ama kwa mafuta ya taa, ama kwa mafuta yaliyopaswa kwenda nchi jirani bila ushuru. Hatua ya pili ilikuja katika bajeti ya mwaka 2011/12. Ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 mpaka shilingi 400 na senti 30 kwa lita, na ule wa dizeli ukateremshwa mpaka shilingi 215. Shamba la mwizi likafunikwa. Ndugu zetu wa Kenya nao, mwaka 2018, waliweka tozo ya shilingi 18 za kwao juu ya kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo.

Hatusemi ya kuwa dawa hiyo haikuhitajiwa. Ugonjwa ulikuwa mkubwa. Lakini yatupasa, sisi tunaojiita chama cha wakulima na wafanyakazi, kukumbuka ni nani aliyeinywa. Aliyeinywa ni bibi kizee wa kijijini mwenye kibatari, ambaye hana lori, hana kituo, wala hajapata kuchanganya kitu chochote ila chumvi na mboga. Mwizi alipobanwa, yeye ndiye aliyeongezewa bei ya mwanga.

Hapa ndipo tunapoiona sura moja katika mambo mawili. Katika ofisi yetu ya mwaka 2009, mwizi alitia maji na dereva akalipa. Katika nchi nzima, mwizi alichakachua na mwenye kibatari akalipa. Kila mara aliye karibu na mkono wetu, aliye mnyonge, asiye na sauti, ndiye anayepewa hesabu ya aliye mbali. Hukumu ya namna hii ni rahisi kutoa, lakini haimpunguzi mwizi hata mmoja.

MKONO WETU WENYEWE

Tungekuwa wanafiki kama tungeishia hapo, tukawalaumu wenye vituo peke yao. Wenye vituo wengi ni watu waaminifu, nao huibiwa na wachafuzi kama sisi tunavyoibiwa. Na lazima tukiri ya kuwa katika minyororo ya wizi huu, pete moja ni ya mfanyakazi mwenzetu.

Nani asiyejua habari za kunyonya mafuta? Lori husimama usiku mahali pasipo na nyumba, mpira ukaingia katika tangi, madumu mawili matatu yakashuka, fedha ikapita mkono kwa mkono. Ikiwa ni lori la kubeba mafuta, pengo hujazwa kwa kitu kingine ili kipimo kisipungue. Madumu yale huuzwa kando ya barabara kwa bei nafuu, na anayeyanunua ni dereva mwingine, au mwenye trekta, au mwenye mashine ya kusaga, ambaye hujiona amepata bahati. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Trekta linalokufa kwa sababu ya dumu moja katika wiki ya kwanza ya mvua haliharibu pampu tu. Huharibu na msimu, na msimu ukipita haununuliwi dukani.

Madereva wa nchi hii wana sifa ambayo haifai kuuzwa kwa dumu. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao haramu, tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia ya mafuta ya kusini. Malori yakaanza kuipelekea mafuta kutoka Dar es Salaam katika barabara ambayo wakati huo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, mpaka bomba la TAZAMA la kilometa 1,710 lilipokamilika mwaka 1968. Watu walikufa katika barabara ile ili taa za ndugu zao zisizimike. Anayenyonya mafuta leo katika barabara hiyo hiyo na ajiulize anamnyonya nani.

Tuongeze neno la haki. Si kila maji katika tangi yametiwa na mwizi. Tangi linalolala nusu tupu hukusanya umande ndani yake usiku wa baridi. Pipa lililoachwa wazi mvuani huingiza maji. Funeli yenye mchanga, dumu lililobeba petroli jana, mhudumu aliyesinzia akatia petroli mahali pa dizeli: yote hayo huharibu, wala hayana nia mbaya. Ndiyo maana twasema chujio lifunguliwe kwanza. Likifunguliwa, huweza kumwosha dereva, na huweza pia kumshitaki. Haki haiogopi lolote kati ya mawili hayo.

YATUPASA KUFANYA NINI

Kwa ndugu zetu madereva, twatoa mashauri haya.

Kwanza, jaza mafuta mahali unapopajua, na udai risiti ya mashine kila mara, hata kama una haraka. Ukikuta lori la mafuta linashusha shehena kituoni, ngoja au nenda kwingine, maana wakati huo mashapo ya chini ya tangi huwa yamevurugwa. Ukiwa na shaka, omba mafuta kidogo katika chupa ya kioo safi na uyaache yatulie. Dizeli njema hung'aa. Yenye maji huwa na ukungu, na maji hukaa chini. Vituo navyo vina dawa ya kupaka kijiti cha kupimia tangi, ambayo hugeuka rangi ikikutana na maji. Mteja anayeomba kuonyeshwa kijiti hicho hatukani mtu.

Pili, ukijua kabla ya kuondoka ya kuwa mafuta yamekosewa, usiwashe gari. Hata ufunguo usiuzungushe, kwa kuwa magari mengi ya sasa yana pampu ya umeme ndani ya tangi inayoanza kusukuma mara ufunguo unapogeuzwa. Tangi likimwagwa kabla injini haijawaka, hasara huwa ndogo. Injini ikiwa imewaka, huenda hasara ikawa ya pampu na nozeli zote.

Tatu, ikiwa uko njiani na injini inagonga, inatoa moshi mweupe na kupoteza nguvu, tafuta mahali salama, simama, zima. Usiilazimishe ifike mjini. Gari linalovutwa huja kwa gharama ya mvuto. Gari linalolazimishwa huja kwa gharama ya injini.

Nne, weka ushahidi kabla fundi hajagusa kitu. Chota mafuta ya tangi na ya bakuli la chujio katika chupa tatu safi zenye vifuniko vya kukaza. Andika tarehe, saa, namba ya gari, mahali mafuta yaliponunuliwa, na majina ya mashahidi wawili. Chupa moja ibaki kwa mwenye gari, moja iende kwa wanaohusika na upimaji, na moja ibaki kwako wewe dereva. Chupa hiyo ndiyo wakili wako. Peleka lalamiko EWURA pamoja na risiti, wala usikubali kumalizana kituoni kwa kupewa soda na pole.

Kwa mafundi, twasema: kumwaga tangi peke yake hakutoshi. Tangi lioshwe, njia za mafuta zisafishwe, machujio yote yabadilishwe, hewa itolewe, ndipo injini iwashwe kwa mafuta mapya. Na ikiwa ndani ya chujio mmeonekana vipande vya chuma vinavyong'aa, pampu imekwisha kujila. Kufunga pampu mpya bila kuangalia nozeli, mabomba na reli yake ni kuitupa pampu hiyo mpya katika shimo la ile ya kwanza. Mwambieni mwenye gari ukweli huo hata kama bei yake itamchukiza.

Tena, mafuta yaliyomwagwa yasiuzwe kwa jirani, wala yasitiwe katika kibatari au jiko. Mafuta yenye petroli ndani yake hulipuka, na taa iliyopaswa kumulika nyumba huiteketeza. Tusimalize hasara ya gari kwa msiba wa familia.

Kwa wenye madaraka katika maofisi na vyama vya ushirika, neno letu ni fupi. Mmefundishwa, kama sisi tulivyofundishwa, ya kuwa cheo ni dhamana. Basi pasiwe na barua ya kukata mshahara wa dereva kwa ajili ya injini iliyokufa kabla ya kuwapo taarifa ya fundi iliyoandikwa na kutiwa saini, na kabla mafuta hayajapimwa. Dereva mwenyewe aitwe akae mezani, si mlangoni, aulizwe alichokisikia na alichokiona, maana yeye ndiye shahidi wa kwanza wa gari lake. Na ikiwa amehukumiwa bure, faili lifunguliwe hata kama limekwisha fungwa. Karatasi iliyofungwa na mtu huweza kufunguliwa na mtu.

Matawi ya chama mahali pa kazi nayo yana wajibu wao. Yasingoje mwanachama alie. Yaulize mapema: ofisi yetu hununua mafuta wapi? Nani huyapima? Tangi letu la akiba husafishwa lini? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa mishahara ya watu.

Mzee wetu wa mwaka 2009 hatujui kama atayasoma maneno haya. Kama yatamfikia, apokee hapa, mbele ya wasomaji wote, ile barua ya pili ambayo hakuipata: hakuwa mzembe. Alilinda gari, alilinda mzigo, alilinda na roho za watu usiku kucha mlimani, na tulimlipa kwa kumkata mshahara. Na ikiwa hayatamfikia, basi yamfikie kijana yeyote aliyeketi leo katika ofisi fulani, kalamu mkononi na jina la dereva mbele yake. Ndugu, kabla hujaandika, simama. Toka nje, uende kwenye gari. Chujio lifunguliwe mbele ya macho yako.